Bibi Asiyechorwa Macho

Usiku ule nililala vibaya, kwa sababu ya bibi mmoja wa Kikorea ambaye hata si mtu, ni picha tu. Mkwe wangu Rehema husoma katuni za Kikorea kwenye simu, zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Unazisogeza kwa kidole, picha moja inapanda juu na nyingine inatokea chini yake. Jioni hiyo alikuwa anangoja wali ukauke, nami nikachungulia begani kwake.

"Baba, na wewe umeshahamia Korea?" akanicheka.

"Huyu kizee amekosa nini? Vijana wote wana macho makubwa kama visahani, yeye hana hata nukta."

"Ndivyo wanavyowachora. Mzee akiwa tajiri anapewa fimbo na roho mbaya, kazi yake kuwazuia watu wasioane. Akiwa maskini anaokota maboksi barabarani, anayasukuma kwenye mkokoteni akayauze. Huyu ni halmoni, yaani bibi. Watoto wake wako mjini."

Akasogeza kidole. Bibi alikuwa chumbani, mgongo umepinda, mbele yake meza ndogo na bakuli la wali alioutia maji. Alikuwa anakula ameelekea ukutani. Picha hiyo haikuwa na neno hata moja.

"Inasikitisha," Rehema alisema, akaweka simu, akapakua.

Tulikula uani, kwenye sinia moja, kama kawaida ya nyumba yetu hapa Muheza. Sahani ya bati Rehema aliipeleka chumba cha nyuma, kwa kaka yangu Hamza. Kaka ana ugonjwa wa kutetemeka. Akinyoosha mkono, mchuzi unafika kwenye nguo za aliye jirani naye. Mimi ndiye niliyeamuru apelekewe chakula chumbani. Nilisema ni heshima kwa mtu mzima. Maneno hayohayo niliyasema zamani juu ya mama yetu, akakaa katika chumba hichohicho mpaka akafa.

Ndotoni nilikuwa napanda mlima wenye ngazi, nyumba zimebanana pande zote, maandishi ya Kikorea milangoni. Theluji ilikuwa inaanguka. Sijapata kuiona theluji, kwa hiyo ilikuwa sufi, ile inayopasuka mitini na kupeperuka, ila hii ilikuwa ya baridi. Mbele yangu kizee alikuwa akisukuma mkokoteni. Nikashika nyuma kumsaidia, maana hata ndotoni mtu huona haya. Nilipotazama mzigo, hayakuwa maboksi. Zilikuwa sahani za bati zenye ukingo wa buluu, kila moja na wali wake umepoa.

Kizee akageuka. Ni mama. Amejitanda kanga yake, na uso wake umechorwa kwa wino: mistari mitatu ya paji la uso, mmoja wa mdomo. Macho hana.

"Mama, nani kakuchora hivi?"

Mlima unapanda juu, kana kwamba kuna kidole kinausogeza, na chini yake kinatokea chumba cha nyuma. Mama ameketi mkekani, amenipa mgongo, anautazama ukuta. Mimi nimesimama mlangoni na sahani, bado kijana, shati la ofisini limepigwa pasi, nina haraka. Uani kuna wageni. Nasikia sauti yangu mwenyewe huko nje ikiwaambia, "Mama anapumzika, hapendi kelele." Wageni wanaangua kicheko kwa jambo jingine. Mama anainua kichwa kuelekea kicheko kile, kama mtu aliyeitwa, halafu anakirudisha ukutani. Hilo sikupata kuliona, kwani siku zile niliweka sahani nikaondoka.

Nataka kuingia. Miguu yangu imechorwa sakafuni, haibanduki.

"Mama," nasema, "mchoraji kakunyima macho."

"Macho ninayo, Saidi. Wewe hukuyatazama."

Hana hasira. Angekuwa nayo ningejitetea. Natazama mikono yangu, kumbe nimeshika sahani mbili.

"Hiyo ya pili ya nani?" anauliza.

Najua ni ya nani. Jina halitoki. Sufi inaingia kupitia dirishani, inamfunika mabega, inaufunika mkeka, na mama bado hajageuka.

"Huku kuna baridi, nami niliizoea kabla sijafa," anasema. "Usimwache mwanangu akaizoea."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Jikoni Rehema alikuwa ameepua mihogo ya nazi na alikwisha kuishika sahani ya bati.

"Iache hiyo," nikamwambia. "Weka yangu na ya kaka kwenye sinia. Napeleka mimi."

"Baba, Baba Mkubwa atamwaga."

"Amwage."

Akapakua. Nikabeba sinia hadi chumba cha nyuma, nikasukuma mlango kwa kiwiko. Kaka alikuwa ameketi mkekani, ameelekea ukutani.

"Weka hapohapo, Rehema mwanangu," alisema bila kugeuka.

Nikampita. Nikaketi sakafuni, kati yake na ukuta, nikaweka sinia baina yetu. Akashtuka. Nikamtazama machoni. Yameingia ukungu pembeni, lakini ni yaleyale ya mama, na sijui ni lini niliyatazama mara ya mwisho.

"Nani kafa?" akaniuliza.

Sikuweza kumlaumu. Hakujua kitu kingine ambacho kingenileta chumbani humo nikae.

"Hakuna msiba, kaka. Nimemwota mama. Anasema usiizoee baridi."

Uani Rehema alikuwa anafagia, kisha ufagio ukasimama.

"Umechelewa, Saidi," kaka alisema.

Nikakubali kwa kichwa. Akaunyoosha mkono kwenye sinia, ukaja ukitetemeka njia nzima, na tui la moto likanirukia kifuani. Sikujifuta.