Kandambili Iliyobaki Kwenye Miwa

Saa kumi na mbili asubuhi, shambani nje ya mji wa Labasa, Fiji, Eroni Tukana anainama, anakata muwa, anasogea. Mguu wake wa kushoto unaburuta. Nyuma yake anakuja binamu yake, Sakiusa, ameinua kandambili kwa ncha ya panga.

"Binamu, umeacha mali yako huko. Jana ulipiga bakuli ngapi?"

"Zangu na zako," anajibu Eroni, bila kugeuka.

Wakataji wanacheka. Hapa kwetu, mguu ukifa ganzi, mshtakiwa ni yaqona, ile mizizi tunayoikamua na kuinywa kwa bakuli jioni, tumekunja miguu mkekani. Kila mtu huinuka pale akiyumba, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Mkewe, Vasemaca, aliyeleta mihogo ya chai, hacheki.

"Wiki nzima kanisa lilikuwa kwenye mfungo, hakugusa bakuli," ananiambia. "Juzi nikamfinya kidole cha mguu. Akaniuliza naanza lini kufinya."

Eroni amekata miwa misimu ishirini na miwili. Anasema maumivu yalianzia kiunoni mwaka jana, yakashuka kwenye tako, paja, hadi unyayoni, kama umeme. Kisha yakapoa. "Nikashukuru Mungu," anasema.

Mchana Vasemaca anamburuza zahanati. Muuguzi Kelera anamwambia atembee kwa visigino. Mguu wa kulia unatii. Wa kushoto unaanguka chini, pu.

"Mshipa wa fahamu umebanwa kiunoni, baba. Maumivu kupoa huku ganzi inazidi, huko si kupona."

Anamkataza kukata miwa na kumpangia daktari wa hospitali Ijumaa. Kisha anashusha sauti. "Ganzi ikifika sehemu unayokalia, au mkojo ukigoma, usingoje kukuche. Njoo hapo hapo."

"Mguu utarudi?"

"Ungekuja mapema, ningekujibu kwa urahisi."

Inauma kumtazama akitoka pale, ameshikilia bega la mkewe. Jioni Sakiusa anafika kulichukua panga la Eroni. Atakata mistari ya wote wawili, na Eroni atawapikia wakataji, kama daktari ataruhusu.

"Wali wako tutaula kwa imani," anasema Sakiusa.

Eroni anautazama mguu wake.

"Nimezoea kuchoka," anasema. "Sitaki makubwa. Nataka siku moja kandambili ikinitoka, nijue mwenyewe."