Salongo ya Mfereji

Ukutani, kando ya kioo cha saluni yangu, nilikuwa nimeandika namba tisa kwa penseli ya nyusi. Wateja walidhani ni za simu. Zilikuwa namba za malalamiko. Kila nilipopiga simu manispaa kueleza kwamba mfereji wa nyuma ya jengo letu la mtaa wa Greyville, huku ugenini, umeziba, sauti ya upole ilinipa namba mpya, ikanitakia siku njema, na mfereji ukabaki unanuka.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja Mrundi, mshonaji. Mlango wake ulikuwa chini kuliko milango yote, ukitazama mfereji, kwa hiyo mvua kubwa yoyote ingeanzia kwake. Miezi ile alikuwa anashona sare nyeupe za kwaya nzima ya kanisa lake, na kwa kukosa kabati alizipanga juu ya mkeka sakafuni. Kila wingu likitanda alitoka kuangalia juu.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikapanda ghorofa zote, nikagonga milango: Jumamosi tufanye salongo, kama kwetu Bukavu, ambako mtaa mzima hutoka na majembe kusafisha barabara. Kidole kimoja hakivunji chawa, niliwaambia. Mwenye jengo alisema mfereji ni wa serikali. Manispaa walisema ni wa mwenye jengo. Kijana wa duka la simu ndiye aliyesema wazi waliyokuwa nayo wengine moyoni.

"Mimi niko napanga tu, mama. Mufereji haiko yangu."

Tulitoka watu sita. Tulitoa tope, chupa, nepi, hata kiatu cha harusi. Nikaamuru tope lirundikwe palepale ukingoni. Ndivyo salongo ilivyo: lundo lazima lionekane, chefu, yaani mkuu wa mtaa, apite aridhike, kisha wenye migomba waje wajichotee mbolea. Mama mshonaji aliuliza kwa adabu kama si afadhali tutie kwenye mifuko, tubebe mbali. Nilimcheka. Nilishapewa namba ya kumi, nikamwambia, gari la taka linakuja Jumatatu. Tukapiga picha, tukanywa soda tukiwa na matope mpaka magotini. Siku ile nilijiona mtu wa mji huu, na sijajiona hivyo tena.

Gari halikuja. Na Greyville hakuna migomba. Mvua ilinyesha Jumatano mchana, lundo lote likarudi mferejini kwa mara moja, likaziba kuliko mwanzo, na maji yakageukia kwa mama. Nilimsikia akiita. Nilipofika, sare zilikuwa zimeshika rangi ya tope, na maji yalikuwa yameingia kwenye mota ya mashine yake, chini ya meza. Majirani walisimama kwenye ngazi wakitazama. Kijana wa simu alisema ni watu wa salongo ndio walioharibu. Hakukosea, na kwa sababu hiyo nilimchukia.

Tulichota maji kwa ndoo, mimi na mama. Kisha akaingiza mkono kwenye gurudumu la mota, akavuta fungu refu la nywele za bandia, za rangi nyekundu ya kutu. Katika jengo zima rangi ile naisuka mimi peke yangu. Kwa miaka minne, kila jioni, nilimwaga mferejini maji ya moto ninayochovyea ncha za misuko, pamoja na vipande vyote vilivyobaki.

"Hizi ni za nani, dada?" Aliuliza kwa uchovu tu, hakuwa na shutuma.

"Za watu wote, mama," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akazitia kwenye ndoo. Ndoo tukaimwaga mferejini, maana hapakuwa na pengine.