Majivu ya Kaku kwenye Gari la Buluu

Kila asubuhi nikifungua dawa ya meno, ile harufu ya mnanaa ikinipanda puani, nasimama kusikiliza barabarani. Wenzangu darasani wanajua kwamba nina kisingizio cha kila kitu, hasa cha kuchelewa, kwa hiyo nikiwaambia dawa ya meno inanitia woga wanacheka mpaka mwalimu anageuka. Basi nawaambia ninyi, ambao hamjanizoea.

Leo tunaishi Kasai, lakini wakati ule tulikuwa Likasi, mji wa migodi huko Katanga, na mimi meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Baba, karani wa ofisi ya mgodi, alijivunia vitu viwili: mwandiko wake na gari letu la buluu. Mwandiko sikuurithi, walimu wangu ni mashahidi. Gari aliliosha mwenyewe kila Jumamosi kwa kitambaa laini, na sisi watoto tuliruhusiwa kulitazama.

Kisha mji ukageuka. Kwa wiki nyingi vijana barabarani walitupigia kelele turudi kwetu Kasai. Kwetu wapi? Baba alizaliwa palepale, nyuma ya soko. Walituita bilulu, yaani wadudu, na mimi kwa ujinga wangu nikaanza kuchagua nitakuwa mdudu gani. Nilichagua panzi, kwa ajili ya miguu.

Watu wetu walikuwa wamelala gare, yaani stesheni, siku nyingi wakisubiri treni isiyokuja, na watoto waliumwa pale. Mdogo wangu Ntumba, bado wa kunyonya, alikuwa na kifua kibaya. Kwa hiyo Baba alipatana na Mwansa, Mkatanga wa Kambove mwenye lori: Mwansa achukue gari la buluu, sisi tupande lori na vitu vyetu mpaka Kasai. "Lakini nitaona gari kwanza," alisema Mwansa. Angekuja mchana.

Asubuhi hiyo Baba alitoka kutafuta kamba za kufungia mizigo. Kaku, bibi yetu mzaa mama, hakupenda kukaa bure wakati wengine wanafunga mizigo. Sufuria zake zilijulikana mtaa mzima. Ungeweza kuchana nywele ukijitazama ndani yake. Akaona gari limeshika vumbi, akaenda kufanya alichokijua.

Baba aliporudi, jua lilikuwa juu ya boneti. Aliziacha kamba zikaanguka.

"Mama," akasema, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, "umeisugua na nini?"

"Na majivu, mwanangu. Na kipande ya gunia. Sawa masufuria yangu. Haing'ai?"

Liling'aa, kweli. Ila kila mahali mkono wa Kaku ulipozunguka palikuwa na mikwaruzo myembamba, duara juu ya duara, kana kwamba buibui wote wa Katanga walikuja kufanya mkutano juu ya boneti yetu.

Kwetu mwanaume hamkemei mama mkwe. Hata kumkazia macho ni aibu. Ningekuwa mimi niliyefanya vile, ningefika Kasai kabla ya lori, kwa teke moja. Lakini Baba alisema, "Aksanti, Mama," kisha akaegemea ukuta.

"Mwansa akiikataa, tunalala wapi?" Mama akauliza. "Kwa gare, na kifua ya huyu mutoto?"

Ntumba akakohoa.

Tulilisukuma gari kwenye kivuli cha nyumba, kwa sababu Baba alijua dawa ya meno hufuta mikwaruzo midogo, ila bati la moto lingeikausha upesi. Mama akafungua mizigo tuliyokwisha kuifunga, akatoa dawa ya meno yote ya safari na nepi za flaneli za Ntumba, zile zilizo safi, asante Mungu.

"Kapinga, usizungushe mukono!" Baba aliniambia. "Kwenda na kurudi, njia moja. Kipande kidogo kwanza. Kitambaa ikianguka chini, tupa. Muchanga moja tu, tunaanza upya."

Nilipaka, nikasugua polepole, nikapangusa kwa maji, nikainamisha kichwa kutazama rangi kwa upande. Duara zilikuwa zimefifia. Nikasugua tena. Mabega yaliwaka moto. Vijana wakapita barabarani wakiimba, jiwe likagonga bati la paa letu na kubingirika. Mama alifunika kichwa cha Ntumba. Baba hakuinua uso, ila mkono wake ulisimama mpaka nyimbo zilipokwenda mbali.

Nepi zikaisha. Hapo Kaku, aliyekuwa amejificha jikoni, akatoka na kitenge chake cha kulalia, kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama ngozi ya mtoto. Akakipasua mbele yetu.

"Hii imezeeka na miye," akasema. "Haina tena nguvu ya kukwaruza muntu."

Dawa ilikwisha kabla hatujafika mlango wa nyuma. Dakika ileile lori likanguruma getini.

Mwansa hakutazama rangi hata kidogo. Alifungua boneti, akasikiliza injini, akapiga mateke magurudumu. "Iko bien. Mupande. Lete funguo, papa."

Baba akaficha funguo mgongoni. "Rangi umeona?"

"Papa, miye nabeba makala ya moto. Rangi itanisaidia nini?"

"Tazama kwanza."

"Baba Kapinga!" Mama akapiga kelele kutoka juu ya lori, alikokwisha kupanda na Kaku, Ntumba na mizigo. "Mupe funguo! Bale bavijana banarudia!"

Kweli, nyimbo zilisikika tena, karibu zaidi. Baba hakusogea. Mimi nilikuwa nalia, naona aibu hata leo kuwaambia. Mwansa akainama juu ya boneti, akajiona uso, akapitisha kiganja.

"Kweli," akasema taratibu. "Muliichunga muzuri."

Baba akampa funguo.

Miaka yote nilidhani tulisugua ili kumdanganya Mwansa, na kwamba Baba alipatwa na wazimu mwishoni. Nimekuja kuelewa hapa Kasai, ambako wanacheka Tshiluba changu, lugha ya huku, na kuniita Mukatangais, yaani mtu wa Katanga. Baba alitaka mtu mmoja tu wa Katanga, kabla hatujatoka, amtazame na aseme kwamba alikuwa mtu aliyetunza.

Alipanda lori bila kugeuka, mikono yake ikinuka mnanaa. Mimi niligeuka. Kwenye mlango wa nyuma, pale dawa ilipotuishia, duara za Kaku zilikuwa bado zinawaka kwenye jua lililokwisha kufika pale.