Rangi Mbichi na Suruali Yangu ya Idi

Jamani, leo nimecheka mpaka mbavu zinauma!

Nilikuwa uani napaka rangi ya fedha rimu za trekta la kijiji chetu cha ujamaa, hapa Mazingara. Kutu nilishaisugua kwa msasa tangu asubuhi.

Akapita mtani wangu Mnyamwezi, kapendeza kweli, anakwenda kuposa.

"Wewe Mzigua, kiti hiki nakichukua!"

Sijafungua mdomo, keshakaa juu ya rimu mbichi.

Kuinuka, duara la fedha matakoni!

Mke wangu alikimbilia ndani kucheka.

Nikamwazima suruali yangu ya Idi. Akajitazama, akaniambia: "Ya mtani hairudishwi."

Kaenda nayo!

Na mtani hakasirikiwi.

Rimu zinang'aa, mimi nimebaki na msuli. Idi nitavaa nini, nyie?