Kuni Zisizo na Fundo

Harufu ya kuni mbichi hunishtua mpaka leo. Nazungumzia mwaloni uliopasuliwa asubuhi hiyo hiyo, wenye ukali kidogo kama wa siki, harufu ambayo watu wa Texas huivuta kwa furaha na kusema kwamba sasa msimu wa baridi umefika. Mimi ikinifikia natazama kwanza mlango uko wapi. Ilianza mwaka wetu wa pili Garland, nje kidogo ya Dallas, nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi. Tulikuwa tumehamia nyumba ndogo ya kupanga, ya zamani, yenye hita iliyounguruma kutwa bila kutoa joto, na sebuleni kulikuwa na meko ya kuotea moto iliyojengwa ndani ya ukuta. Baba, Mkongo wa Uvira aliyekuwa akipakia mizigo ghalani, alidhani ni kabati na akapanga viatu vyake humo. Mama, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, aliingiza kichwa, akaona masizi, akavitoa viatu vyote nje. Kuanzia hapo hakuwa na jambo jingine akilini isipokuwa kuni.

Vuli ile dhoruba iliangusha miti mingi, na watu wakawa wanakata magogo na kuyarundika kando ya barabara ili gari la taka la manispaa liyachukue. Mama hakuamini macho yake. "Wanatupa kuni," alimwambia Baba, kwa sura ya mtu anayeripoti wizi. Kila alasiri, akitoka kutandika vitanda hotelini, alinipitia shuleni, nasi tukazunguka mitaa na toroli kuukuu aliloliokota. Nyumbani nilimsaidia kupanga. Chini tuliweka matofali ili mchwa wasipande, magogo manene tuliyakingamisha kwenye ncha mbili yashike rundo lisibomoke, na vile vipande vilivyopasuliwa tuliviweka gome likiwa juu ili mvua iteleze. Aligonganisha vipande viwili sikioni mwake. Vikilia kwa sauti ya wazi ni vikavu, vikilia kwa sauti nzito vinarudi juani. Ukuta wa nyuma ulipojaa, alihamia chumbani kwangu, kwa sababu kambini kuni zilihifadhiwa chini ya kitanda, zikilala nje haziamki zako. Nikawa nalala na mwaloni upande mmoja na sisimizi pande zote. Baba alilalamika kwamba ameoa mke akapata kiwanda cha mbao, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Mimi nilikuwa na hofu tangu siku ya kwanza. Katika ukoo wetu kuni si kuni tu. Tulipokuwa kambini, Mama Mdogo Jozefa, anayemfuata Mama kwa kuzaliwa, alikwenda porini kutafuta kuni na hakurudi jioni. Alirudi kesho yake, bila kanga wala viatu, na mpaka tunapanda ndege kuja Amerika hakuwahi tena kutoka nje ya ua. Hakuna aliyenieleza kilichompata, nami sikuuliza. Nilichofundishwa ni sheria za wanawake wa kuni, na nilizijua kuliko sala zangu. Ukiacha mzigo wako njiani, funga fundo la nyasi uliweke juu yake, na hakuna atakayeugusa. Kuni zisizo na fundo hazina mwenyewe. Na mkikutana na wanaume, mtoto akimbie bila kugeuka, mkubwa abaki, aweke chini kila alicho nacho, ili wachukue vitu wamwache mtu. Kwa hiyo pale Garland nilitembea nyuma ya toroli nikikagua madirisha, magari yaliyoegeshwa na vichaka vilivyopunguzwa vizuri. Mama alikuwa akiimba nyimbo za kanisani. Nilidhani amesahau yote, na hilo lilinitisha zaidi, maana niliona nimeachiwa kuogopa kwa niaba ya watu wawili.

Siku moja ya mawingu tulipita mtaa tusioujua. Mbele ya nyumba moja, karibu kabisa na barabara, kulikuwa na rundo la kuni kavu zilizopasuliwa kwa usawa, zimepangwa kama Mama mwenyewe ndiye aliyezipanga. Alisimama akazitazama kwa wivu. Kisha akalizunguka rundo polepole, akitafuta fundo.

"Mama, hizi ni za mtu," nilimwambia.

"Kama ni za mtu, alama yake iko wapi?"

Toroli lilikuwa limejaa nusu mlango wa nyumba ile ulipofunguliwa. Alitoka mzungu mrefu, mzee, na mkononi alikuwa na kitu kirefu. Nilikuwa nimeona bunduki katika maisha yangu na nikajua ile ni bunduki. Alipaza sauti, akashuka ngazi kuja kwetu. Nilikuwa najua Kiingereza cha kutosha kumwelewa, lakini siku ile masikio yangu hayakushika hata neno. Mama aliachia kipande alichokuwa amekishika. Nyumbani tulikuwa tunasema Kiswahili, kwa ajili ya Baba. Kirundi Mama alikitumia kwa Mungu na kwa mama yake tu. Kwa Kirundi, kwa sauti ndogo sana, aliniambia nikimbie nisigeuke.

Nilikimbia. Nilimkuta Baba amelala, kwa kuwa wiki ile alikuwa zamu ya usiku, nikamvuta mkono na neno pekee lililotoka ni "kuni". Hakuuliza la pili. Sijawahi kuuona tena uso wa baba yangu kama ulivyokuwa wakati ule, na naomba nisiuone. Aliendesha gari akiwa na kandambili na nguo za kulalia, akiniuliza ni mtaa gani, nami sikujua. Nyumba zote zilikuwa za matofali yale yale, nyasi zile zile, masanduku ya barua yale yale. Tulikata kona, tukarudi, tukakata nyingine. Kila tulipokosea nilimwona Mama Mdogo Jozefa akiingia uani bila kanga, ila sasa alikuwa na sura ya Mama. Nilimwahidi Mungu kwamba nitalala na baridi maisha yangu yote.

Toroli ndilo nililoliona kwanza. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, peku, katika baridi ile. Mbele yake alikuwa amepanga vitu vyake: viatu, jaketi, simu, hereni, kitambaa cha kichwa, na pete ya ndoa ikiwa ya mwisho. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono wazi mapajani, anangoja. Na yule mzee, mbali kidogo naye, alikuwa ameketi chini kwenye nyasi zenye maji, miguu ameinyoosha kama mtoto, mikono ameiinua mpaka mabegani ili ionekane haina kitu. Fimbo yake ya kutembelea, ile niliyoiona bunduki, alikuwa ameitupa mbali, huko kwenye njia ya kuingizia gari. Alikuwa analia. Baadaye nilielewa kwamba alijaribu kumrudishia viatu, na kila aliposogea Mama alivua kitu kingine, mpaka yeye mwenyewe akaogopa kusimama.

"Pardon, Papa," Baba alimwambia kwa Kifaransa, maana akichanganyikiwa, Kiingereza humkimbia. Kisha akachuchumaa karibu na Mama bila kumgusa. "Mama Neema, ni mimi. Inuka, twende nyumbani."

"Mtoto amefika?" Mama aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Amefika. Ni huyu hapa."

Ndipo alipoinuka. Nilimvalisha viatu mimi, kwa sababu vidole vyake havikuweza kufunga kamba. Jumamosi yule mzee, sijui nani alimwonyesha kwetu, alikuja na pikapu iliyojaa kuni, akazishusha getini petu moja moja, kwa shida, akaondoka bila kugonga. Mama alimtazama kutoka nyuma ya pazia. Alipokwisha kwenda alitoka, akachuma nyasi, akafunga fundo na kuliweka juu ya rundo lile, na msimu wote wa baridi hatukuligusa. Kuni zake mwenyewe alizichoma zote. Hakuenda tena kutafuta nyingine, wala sikumsikia tena akiimba njiani.

Sasa ninaishi Stafford, kando ya Houston, ambako baridi huja kama mgeni aliyekosea nyumba, na joto langu ni kitufe ukutani. Sina kuni, na meko ya sebuleni sijawahi kuiwasha. Lakini majira ya baridi yaliyopita barafu ilitukatia umeme, na Mama alikuwa amekuja kutoka Garland kutusalimia. Mchana tulikuwa jikoni tukijifunika mablanketi tulipogundua kwamba binti yangu, aliye darasa la pili, hayumo ndani. Nilitoka nje nikiita. Nilimkuta anarudi, amekumbatia kuni mpaka kidevuni, akipita katikati ya nyasi za jirani, mwanamume tusiyemfahamu hata jina, na jirani huyo yuko nyuma yake na mzigo mwingine. Alikuwa amekwenda akagonga, akaomba. Jirani alipokwisha kuondoka nilimshika binti yangu mabega kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, nikamuuliza kama hakuogopa. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: aogope nini?

Alikuwa anauliza kweli. Alisimama pale, vipande vya gome vimeshika sweta lake, akisubiri nimweleze. Nilifungua mdomo, na nadhani ningemwambia yote, kuanzia Kigoma. Mama alinitangulia. Alimpokea kuni, akavigonganisha vipande viwili sikioni, kisha akanitazama na kusema kwa Kirundi, lugha ambayo mtoto wangu haijui:

"Usimwambie."