Shingo ya Mkuu wa Gereza

Kaka yangu aliingia gerezani hajaota ndevu, akaishia kuwa kinyozi wa gereza. Alikuwa kijana mjinga: alimtishia mwenye duka kwa kisu, akatoka na redio mbovu, akala miaka thelathini. Hakimu wa siku zile alisema sheria imemfunga mikono. Imemfunga yeye! Mwenye pingu alikuwa kaka.

Mwaka huu sheria ikalegea, mahakama zikaruhusiwa kutazama upya vifungo virefu. Mama, aliyeapa kwamba hafi mpaka amwone mwanawe nje, akatoa gauni lake la misibani akalipiga pasi. Nami nikafunga kibanda changu cha mitumba, tukaenda.

Shahidi wa serikali alikuwa mkuu wa gereza mwenyewe, jibaba lenye kidevu kinachong'aa kama sahani. Sikumwamini hata kidogo. Kidevu kile kilikuwa kazi ya kaka yangu, na nani anataka kupoteza kinyozi wa bure? Wakili wa serikali akasema mtu wa kisu ni mtu wa kisu tu, la kuvunda halina ubani. Kisha akamuuliza mkuu kama kweli mfungwa huyu ni wa kuaminika. Mkuu akakohoa.

"Kila asubuhi ananinyoa kwa wembe," akasema. "Mimi nafumba macho. Siku nyingine nasinzia kabisa."

Watu wote wakamtazama shingo. Jaji, mama mmoja mkavu asiye na mzaha, akavua miwani.

"Basi mzee, wewe ulishamwachia zamani. Unachong'ang'ania ni kinyozi."

Akaamuru kwamba muda aliokwisha kutumikia unatosha, aende nyumbani. Mama akaketi sakafuni na gauni lake la pasi, akalia mpaka askari akamletea maji.

Majirani walikuja kutupongeza, wakanywa chai yetu yote. Kaka akaweka kiti mbele ya nyumba, akatundika kioo, akanunua nyembe mpya. Wiki ikapita bila mteja. Wanaume wale wale waliosema haki imetendeka wakaanza ghafla kupenda ndevu. Hata mume wangu, eti anafuga. Anafuga nini, na kidevu chenyewe kina vinywele vya kuokoteza? Kila jioni kaka alifagia chini ya kile kiti, pasipo na unywele hata mmoja. Roho iliniuma, nikawatukana wote kimoyomoyo, nikianzia na wa kwangu.

Jumamosi wanaume walikuwa wanacheza karata kibarazani kwa jirani. Mama akatoka ndani, akavua kilemba, akaketi kwenye kiti.

"Nyoa zote, mwanangu," akasema kwa sauti ya kufika kule kibarazani. "Hawa waungwana wanataka kwanza waone kama nitainuka."

Karata zikasimama. Kaka akashika wembe. Mama akafumba macho, na kabla wembe haujafika kisogoni alikuwa anakoroma.