Randa Iliyobaki Uyole

Niliondoka Iringa kwa sababu ya randa. Ndugu zangu wa nyumbani mnaosoma haya mtacheka, maana randa ni kipande cha mti chenye chuma tumboni, cha kulainishia mbao, na hakuna seremala asiyekuwa nayo. Lakini hii ilikuwa na namba, na namba hiyo iliandikwa kando ya jina langu katika daftari la chuo cha ufundi pale Kihesa, nilikokuwa mwaka wa tatu na wa mwisho. Kwenye mlango wa karakana ilibandikwa karatasi ya kanuni, imepigwa taipu, na kanuni ya nne niliijua kama sala ya Baba Yetu: mwanafunzi atakayekosa kifaa chochote siku ya ukaguzi hatafanya mtihani. Ukaguzi ulikuwa Jumanne baada ya Pasaka, mtihani Jumatano. Randa yangu ilikuwa Uyole, nje kidogo ya Mbeya, kwenye kibaraza cha marehemu mjomba wangu.

Ilifikaje huko? Niliipeleka mwenyewe. Miezi miwili kabla ya hapo, katika likizo ndefu, niliitia mfukoni mwa mzigo bila kumwambia mtu, nikitaka kumtengenezea mjomba mlango, maana nyumba yake ilikuwa inazibwa kwa matete. Sijamaliza kulainisha ubao wa pili, mjomba akafariki. Mbao zile za mlango zikawa jeneza, na randa ya chuo ndiyo iliyozilainisha. Sasa kwetu chombo kilichochimba kaburi au kilichotengeneza jeneza hakirudi kazini mpaka matanga yaanuliwe, na wa kuyaanua ni mtoto wa kiume mkubwa wa marehemu. Huyo mtoto, binamu yangu Ambakisye, alikuwa Tanga akikata mkonge mwaka wa saba. Nyumbani wakamwandikia barua kwamba baba anaumwa, aje. Majembe mawili na randa yangu vikawekwa kibarazani vimngoje. Mimi nikarudi chuoni mikono mitupu, nikawa naazima randa ya mwenzangu wa meza ya jirani, na kila asubuhi najiambia kwamba Ambakisye amekwisha kufika. Hakufika.

Alhamisi Kuu, saa saba mchana, chuo kilifungwa hadi Jumatatu jioni. Wenzangu walikuwa wanafua nguo kwa ajili ya Pasaka, mimi nilikuwa tayari barabarani na mkoba begani. Mwalimu Kalinga, fundi wetu mkuu, Mhehe mrefu asiyepandisha sauti hata msumeno ukimkata, alinikuta getini.

"Kamwene, Yona. Unakimbilia wapi na jua lote hili?"

"Nyumbani kusalimu, mwalimu."

"Kuna jambo?"

"Hakuna, mwalimu."

Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, safari njema," akaingia karakana. Nilishukuru kwamba hakuniuliza tena. Kama angeuliza mara ya pili nadhani ningesema yote.

Nilipata lori la chumvi linalokwenda Mbeya. Masika yalikuwa yamekolea na barabara imekuwa uji. Kabla ya Mafinga tulikwama mara mbili, tukashuka sote kusukuma, na mimi nilisukuma kuliko tandiboi mwenyewe. Dereva, mzee wa Kisomali mwenye kilemba cha njano, akanitania, "Wewe mke wako anajifungua?" Watu wakacheka. Sikucheka. Kila gurudumu lilipozunguka mahali pamoja nilijiona nimesimama mlangoni pa karakana Jumanne asubuhi, sanduku langu la vifaa liko wazi, na pengo la randa linaonekana na kila mtu.

Ijumaa asubuhi tuliamka Makambako. Upepo wa pale haujali kwamba mtu amevaa sweta. Mama mmoja wa Kibena alituuzia uji wa ulezi, nami nikajichoma mdomo kwa kuunywa ungali unachemka, nikijua fika kwamba dereva bado amelala. Mchana tuliteremka Usangu, joto likatupokea, tukapita Igawa na Chimala, tena tukaanza kupanda kuelekea kwenye ukungu. Jioni jua likiwa bado juu ya mlima, nilishuka Uyole.

Nyumba ya mjomba ilikuwa kama nilivyoiacha, matete mlangoni. Mkaza mjomba, mjane wake, alikuwa anachambua maharage uani. Nilipiga magoti nikamwamkia. Macho yangu yalikuwa kibarazani, na niliiona: randa imelala kati ya majembe mawili, chuma chake kimeanza kutu.

"Ugonile, mwanangu," alisema. "Umekuja kutusalimu au umekuja kuchukua?"

"Nimekuja kuwasalimu, mama."

"Ndaga, asante. Basi kaa, ule."

Nilikaa, nikala, na randa sikuitaja. Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nilihofu kwamba nikiomba atakataa, na akishakataa siwezi tena kuchukua. Lakini nisipoomba, hajakataa. Ndivyo akili ya mtu mwenye haraka inavyofanya kazi. Jumamosi kutwa nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia: nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika, nikaenda mtoni, nikarudi, nikauliza kama kuna barua ya Tanga. Hakuna.

"Ambakisye atakuja," mama alisema. "Mguu wa mtu una siku zake."

Jumapili ya Pasaka, kengele ilipolia, kijiji kizima kilikwenda kanisani. Nilisema kichwa kinaniuma. Niliposikia wimbo wa kwanza nilitoka, nikaitwaa randa, nikaifunga kwenye shati langu la ziada, nikaitia mkobani. Wao walikuwa wanaimba ufufuko, mimi nilikuwa naiba kwenye kibaraza cha msiba. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikata shambani kwa nyuma mpaka barabarani, nikapata lori lililobeba mpunga, nikaketi juu ya magunia huku nimekumbatia mkoba.

Karibu saa sita tulifika Igawa. Mto ulikuwa umefurika tangu alfajiri na sasa maji yalikuwa yanapungua, magari yanavuka moja moja. Basi kutoka Iringa lilikuwa limekwisha kuvuka kuja upande wetu, na abiria wake walikuwa wanakunywa chai kwenye kibanda cha makuti. Sisi tulikuwa tunangoja zamu. Nilishuka kunyoosha miguu, ndipo mtu akaniita kwa jina.

Alikuwa mwanamume mwembamba, mweusi wa jua, kavaa kofia ya pama, viganja vimejaa makovu ya mkonge. Sikumtambua mpaka alipocheka.

"Yona! Umekuwa mrefu hivi? Mimi Ambakisye!"

Alinikumbatia. Mkoba ukabanwa katikati yetu, na pembe ya randa ikanichoma mbavuni.

"Nimepata barua imekaa kambini mwezi mzima," alisema. "Nimeambiwa mzee anaumwa. Anaendeleaje?"

Ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Habari ya msiba haitolewi njiani. Mtu hufika kwao, akakalishwa, akapewa maji, ndipo wakubwa wanamwambia, ili akianguka aangukie mikononi mwa watu wake.

"Nyumbani wanakungoja," nikasema.

"Nimemletea koti." Alifungua mzigo wake palepale, akanionyesha koti zito la kijivu, akalishika mabega kama mtu anayemvisha mwingine. "Uyole baridi. Atalipenda, au sivyo?"

"Zuri," nilisema. "Zuri sana."

Nyuma yangu tandiboi alikuwa anapiga bodi ya lori kwa kiganja. "Iringa! Iringa! Tunavuka!" Nilimwona Ambakisye akilikunja koti lile polepole, mikono yake migumu ikilinganisha kila pindo. Kesho kutwa ukaguzi. Miaka mitatu ya kuamka na filimbi, ya kupiga randa mpaka mabega yanawaka moto. Na huyu ndugu yangu angepanda basi lile peke yake, akifurahi, mpaka mlangoni pa matete. Nilipandisha mguu mmoja kwenye gurudumu la lori. Nikaushusha.

"Unapanda hupandi?" tandiboi aliniuliza.

"Sipandi. Nenda."

"Wewe si ulikuwa na haraka kuliko sote?"

Nilimwambia Ambakisye kwamba nilikuwa nimekuja kumpokea. Aliamini, jambo lililoniumiza zaidi. Tukapanda basi la Mbeya pamoja. Njia nzima alinisimulia habari za Tanga: kengele za kambini, bahari aliyoiona mara mbili tu, mnyapara aliyekuwa anahesabu matita ya mkonge kwa fimbo. Aliuliza kama baba yake bado anapenda ugoro. Nilijibu "anaupenda" na nikageukia dirishani. Mpunga, kisha ngano, kisha ukungu. Sijawahi kupita njia ndefu kama ile, nami nilitaka isifike.

Jioni tulifika. Mkaza mjomba alitoka, akamwona mwanawe, akasimama. Hakulia. Alimwekea kigoda, akampa maji, akaagiza wazee waitwe. Wakamwambia. Ambakisye alilia kwa sauti ambayo sikujua mwanamume mwembamba vile anayo, na koti lilikuwa mapajani mwake. Baadaye, alipokwisha kunyamaza, alinigeukia.

"Ulijua tangu Igawa."

"Nilijua."

"Ukakaa na mimi njia yote, unajua."

"Ndiyo."

Alinishika mkono. Nami nikashindwa kuvumilia. Nilifungua mkoba mbele ya wote, nikairudisha randa kibarazani, kati ya majembe.

Mama ndiye aliyeanza kusema. "Nilijua ni wewe. Nimerudi kutoka kanisani nimeona pengo, nikasema, huyo ana haraka ya watu wa shule. Lakini mwanangu, mbona hukuniambia? Chombo cha mtu anayekula kwa chombo hicho tunaweza kukiosha siku yoyote, dada wa marehemu angesimama badala ya Ambakisye. Tumefanya hivyo kwa wengi."

Wazee wawili walitazamana wakatikisa vichwa, na mmoja akacheka kwa huruma.

Hata kama ningeondoka Jumatatu alfajiri, ukaguzi nisingeuwahi, basi nikabaki, na Jumanne matanga yaliandaliwa na kuanuliwa. Ambakisye alinyolewa, akayaosha majembe, akaiosha randa kwa maji ya mto, akaikausha kwa shati lake mwenyewe. Saa ile ile, kule Kihesa, masanduku yalikuwa yanafunguliwa. Nilijua saa kwa jua, na kila jua lilipopanda kidogo nilisimama nikakaa, nikasimama nikakaa, mpaka mama akaniambia nikamenye ndizi ili nipate kutulia.

Jumatano asubuhi niliondoka na randa mkononi, nje ya mkoba, kila mtu akiiona. Alhamisi saa nane mchana nilishuka Iringa, nikapanda Kihesa kwa miguu. Wenzangu walikuwa wamekaa mbele ya karakana, mtihani umekwisha, wanajadili viungo vya mbao vya mkia wa njiwa. Waliponiona waliitazama randa mkononi mwangu.

Mwalimu Kalinga alikuwa ofisini. Niliweka randa mezani kwake nikaeleza kila kitu, tangu mlango wa mjomba mpaka Igawa. Kisha alitoa kanuni kwenye saraka, si ile karatasi moja ya mlangoni, bali zile kurasa tatu tulizosomewa siku ya kwanza na kutia sahihi. Siku ile, nakumbuka, mimi nilikuwa nachungulia dirishani kuona mashine ya kupasulia mbao.

"Soma kumi na moja," alisema.

Nilisoma. Mwanafunzi aliyefiwa atamwarifu fundi mkuu. Atapewa ruhusa. Ikiwa kifaa cha chuo kimebaki msibani, kitaandikwa katika daftari la maazimo, naye atapewa kingine cha kufanyia mtihani.

Nilisoma mara ya pili. Macho yalinijaa maji, na sikuyaficha.

"Alhamisi ile getini nilikuuliza kama kuna jambo," Mwalimu Kalinga alisema. "Kuuliza si ujinga, Yona, na kusema pia si ujinga. Sasa mtihani umepita. Siwezi kuuita urudi kwa ajili yako, hata ningetaka, na ninataka. Utakaa na mwaka wa pili mpaka mtihani ujao."

Nikakaa. Miezi sita niliwafundisha vijana wa mwaka wa pili kunoa patasi, wao wakiniita "babu". Cheti nilikipata, kazi niliipata, na watu wakiniuliza safari ile ya Pasaka ilinifundisha nini, huwa nasema matope ya Mafinga na baridi ya Makambako, tunacheka. Nyinyi nawaambia ukweli. Nilisafiri siku nane, kwenda na kurudi, nikikimbia watu wawili, mwalimu wangu na mkaza mjomba, ambao kila mmoja alikuwa amekwisha kuniuliza, na wote wawili wangesema ndiyo.